Breki za trela zikilegea, anza na waya

Mteja mmoja aliniletea trela yake ya kulala, ya ekseli mbili, akiwa na boksi la sumaku nne mpya mkononi. Alitaka nimfungie hizo tu. Kontrola ya breki kwenye pikapu alishaipandisha hadi mwisho, na bado akikanyaga breki trela ilikuwa ikimsukuma kama mkokoteni kwenye mteremko.

Boksi nilimrudishia bila kulifungua. Sumaku zake za zamani zilikuwa nzima.

Kwa wasomaji waliozoea breki za upepo za semi: trela hizi za Marekani zinafunga kwa umeme. Ndani ya kila ngoma ya gurudumu kuna sumaku. Dereva akikanyaga, kontrola inatuma umeme kwa waya wa bluu, sumaku inanata kwenye uso wa ngoma inayozunguka, inaburutwa kidogo, na mkono wake unazitanua breki shuu. Hakuna oili wala hewa. Umeme ukifika mchovu, breki nazo zinakuwa chovu.

Sumaku ya ngoma ya inchi 10 au 12 ina ukinzani wa omu 3.2 hivi. Kwenye volti 12 kamili, nne zinakula karibu ampea 15. Sasa chukua waya wa geji 14, ambao ni kama milimita mraba 2 tu, uupitishe mita 8 kwenda na 8 kurudi: volti 1.7 zinapotea njiani, hata kama kila kiungo ni kizuri. Ukiweka geji 10, hasara inashuka hadi robo tatu ya volti. (Geji ni hesabu ya kinyumenyume, namba ikipungua waya unanenepa.) Kwa huyu bwana viungo navyo vilikuwa vimeota kutu ya kijani, na athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ilikuwa skrubu moja iliyokazwa kwenye fremu iliyochakaa. Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa linapata volti 8 na ampea 2.5.

Kulikuwa na ugonjwa wa pili, na huu ndio unaowasumbua mafundi wengi. Trela nyingi hutoka kiwandani waya wa kwenda gurudumu la upande wa pili ukiwa umepitishwa ndani ya bomba la ekseli. Humo unaning'inia, unacheza safari nzima, unasuguana na ukingo wa tundu mpaka gamba linaisha. Barabarani unapiga shoti. Ukisimama uani na mita yako, waya umetulia mahali pake na kila kitu kinasoma vizuri. Mimi siuvuti huo waya kuuangalia tena. Naukata pande zote mbili na kuuacha humo humo.

Kabla ya kuanza nachomoa plagi kwenye pikapu, natoa betri, naweka kabari, kisha jeki inakaa chini ya fremu. Usinyanyue kwa bomba la ekseli, linaweza kupinda. Nikapitisha waya mbili za geji 10 kutoka boksi la viungo la mbele, bluu na nyeupe, hadi kwenye ekseli. Nyeupe ndiyo athi, nayo inakwenda hadi kwenye kila gurudumu. Fremu siitegemei tena. Matawi ni geji 12, ndani ya bomba la plastiki, yamefungwa juu ya ekseli kwa nje. Acha ulegevu wa kutosha pale waya unapotoka kwenye fremu, kwa sababu ekseli inapanda na kushuka. Sumaku haina chanya wala hasi, waya wake wowote unaweza kwenda bluu. Vile vibanio vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuumenya, tupa. Natumia viungo vya kubana vyenye gundi, vinavyosinyaa kwa joto.

Kupima, napenda mita ya kubana, ile inayoushika waya kwa nje na kusoma ampea za umeme wa betri. Mita ya bei nafuu hubabaika kwenye omu ndogo kama 0.8, ambayo ndiyo ukinzani wa sumaku nne zikiwa zimeunganishwa sambamba. Safari hii kila gurudumu lilisoma kati ya ampea 3.4 na 3.6.

Ikabaki swichi ya pini, ile yenye kamba inayofungwa kwenye pikapu ili trela ikichomoka ijifunge yenyewe kwa betri yake. Ijaribu plagi ikiwa imechomolewa, la sivyo umeme unaweza kurudi na kuiunguza kontrola. Nikavuta. Kimya. Mtu fulani aliiunganisha baada ya swichi kuu ya betri, ambayo mwenye trela huwa anaizima kila akisafiri. Nikauhamishia waya upande wa betri, nikavuta tena, magurudumu yote manne yakakwama. Pini nikairudisha upesi, maana ikikaa nje inamaliza betri na kupasha sumaku moto.

Tulipotoka kuijaribu kwenye maegesho matupu, kontrola tuliishusha hadi karibu nusu. Juu ya hapo matairi ya trela yalikuwa yanaburuzika.