Je, wajua kwa nini spika ya 1962 huweza kuwa nzima kuliko ya 1985?

Mzee akifariki Jinja, Tororo au Kasese, shamba hupata mwenyewe, ng'ombe hupata mwenyewe, na yale makasha mawili ya mbao yenye kitambaa mbele hubaki sebuleni yamebebeshwa televisheni. Siku mrithi akiyaunganisha, moja linaimba na jingine linakwaruza. Familia inasema spika zimezeeka, zitupwe. Lakini miaka peke yake haielezi jambo hili. Spika nyingi za miaka ya 1950 na 1960 bado zinapiga bila shida, ilhali za miaka ya 1980, zilizonunuliwa kwa fedha nyingi zaidi, zimepasuka zenyewe bila kuguswa na mtu. Sababu iko kwenye ukingo wa koni, lile bakuli la karatasi linalotikisika mbele ya spika.

Spika ya kawaida inafanya kazi kwa mpango ulioelezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani. Koili ya waya mwembamba wa shaba hukaa ndani ya mwanya wa sumaku, ikiwa imegundishwa kwenye koni. Umeme wa muziki ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma, koni huifuata, hewa hutikisika. Ili koni icheze bila kuhama katikati, hushikwa sehemu mbili: nyuma kwa kitambaa kilichokunjwa mikunjo ya duara, na mbele kwa ukingo unaoizunguka yote. Mwanya wa sumaku haufiki hata milimita moja kila upande wa koili. Ukingo ukilegea upande mmoja, koili hugusa chuma, na huo ndio mkwaruzo unaousikia.

Zamani ukingo huo ulikuwa karatasi ileile ya koni iliyokunjwa, au kitambaa kilichopakwa dawa ya kuzuia hewa isipite. Vitu hivyo havina haraka ya kufa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 watengenezaji wengi wakahamia kwenye sponji laini ya polyurethane, kwa sababu iliiruhusu koni kwenda mbali zaidi na kutoa besi nzito kutoka kasha dogo. Kwa masikio lilikuwa jambo jema. Tatizo ni kwamba sponji hiyo huvunjwa na unyevu wa hewa: maji hukata minyororo ya kemikali iliyoishikilia, na joto huharakisha kazi. Baada ya miaka kumi na tano au ishirini hugeuka kitu cha kunata kama lami, kisha unga. Anayeishi karibu na Ziwa Viktoria hahitaji kuelezwa unyevu ni nini. Mpira wa kawaida huvumilia zaidi, ingawa nao hukakamaa.

Kwa hiyo kabla ya kuunganisha chochote, toa kitambaa cha mbele taratibu na uguse ukingo kwa ncha ya kidole. Ukibaki na vumbi jeusi au utomvu, acha. Usiwashe hata kwa sauti ndogo, maana koni isiyoshikwa itaisugua koili hadi waya ukatike, na hapo gharama hupanda. Ukingo ukiwa mzima, weka vidole vya mikono miwili kuizunguka koni kwa usawa na uisukume ndani polepole. Ikienda kimya, koili iko katikati. Kusukuma kwa kidole kimoja upande mmoja kutakudanganya, kwa kuwa hata spika nzima itakwaruza.

Sponji iliyokufa hubadilishwa. Hununuliwa kwa kipimo cha koni, ya zamani hukwanguliwa, mpya hugundishwa koni ikiwa imewekwa katikati. Ni kazi ya subira kuliko ya utaalamu, na fundi redio makini ataiweza. Ninachokipinga ni ule ushauri rahisi wa kung'oa spika yote na kuweka mpya ya bei nafuu inayoingia kwenye tundu lilelile. Kasha lilipimwa ujazo wake kwa ajili ya koni ile na sumaku ile; ukiweka nyingine, mara nyingi unapata besi ya kubwatuka na sauti ya mwimbaji iliyojificha. Tundu dogo kwenye koni ya karatasi halihitaji hata fundi: kipande cha karatasi ya mfuko wa majani ya chai na gundi nyeupe ya mbao vinatosha.

Sasa, ni spika gani hasa? Jina la mbele husaidia, lakini beji hung'oka, kwa hiyo geuza kasha. Wharfedale, Tannoy, Goodmans, Celestion na KEF ni za Uingereza. Kati ya hizo KEF ndiyo changa, ilianza 1961. Nyuma ukikuta tundu la plagi lenye nafasi moja bapa na nyingine ya duara, uko kwenye ukoo wa vifaa vya Ulaya bara kama Grundig, Telefunken na Philips. Spika yenyewe ikiwa ya Marekani, tazama tarakimu zilizogongwa kwenye fremu. Mfano 220525: 220 ni kampuni ya Jensen, 5 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, 25 ni wiki. Hapo inaweza kuwa 1955 au 1965, na utaamua kwa kutazama kasha, nyaya na sumaku.

Sumaku ina hadithi inayotuhusu. Nyingi za zamani ni za aloi ya alumini, nikeli na kobalti: nguvu kubwa katika umbo dogo, mara nyingi zikiwa zimefichwa ndani ya kikombe cha chuma. Mwaka 1978 vita vya jimbo la Shaba, yaani eneo la Katanga, vilitikisa uchimbaji wa kobalti wa Zaire, bei ikapaa, na watengenezaji wakaharakisha kuhamia sumaku ya ferrite, ile pete pana nyeusi tunayoiona kila mahali sasa. Wakati huohuo Uganda ilikuwa na kobalti yake juu ya ardhi: shaba ya Kilembe ilipandishwa treni kwenda kuyeyushwa Jinja, na mabaki yenye kobalti yakarundikwa Kasese, ambako yalikuja kusafishwa kwa msaada wa bakteria kuanzia 1999. Basi ukikuta sumaku ya kikombe, kisia kwamba spika ni ya kabla ya 1980, na usiigonge wala kuifungua, kwani aina hiyo hupoteza nguvu ikitenganishwa na chuma chake.

Tahadhari moja ya kweli. Matangazo ya redio ya Uganda yalianza 1954, mwaka uleule bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa, na baadhi ya nyumba zilizopata umeme zilinunua redio za kabati zenye sahani ya santuri. Zile za valvu, yaani taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, zina volti zaidi ya 200 ndani, na kapasita zake, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, zaweza kukupiga hata baada ya kuchomoa plagi. Usiingize mkono humo. Na spika iliyotolewa kwenye redio kama hiyo ikiwa na transfoma ndogo juu ya fremu, usiunganishe nyaya za transfoma na amplifaya ya leo. Mwambie fundi aunganishe nyaya za amplifaya moja kwa moja na koili.

Baada ya hapo, pima omu, yaani ukinzani wa umeme, kwa mita. Usishangae ukisoma 6 kwenye spika ya omu 8, au kama 3.3 kwenye ya omu 4. Mita husoma waya tu, na ukinzani wakati muziki unapopita huwa juu kidogo. Spika nyingi za Uingereza za wakati ule ni za omu 15, na amplifaya ya sasa haidhuriki nazo, hutoa tu wati chache. Hatari iko upande wa chini: ukifunga spika mbili za omu 4 kwenye tundu moja, amplifaya inaona omu 2, na nyingi huungua.

Kuhusu wati, maduka ya Kampala yamewazoesha watu kuamini namba kubwa za kwenye boksi. Spika za enzi za valvu zilitengenezwa kwa amplifaya za wati 10 au 15, kwa hiyo nyingi hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 90 au zaidi kwa wati moja tu. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, basi kutoka wati 10 hadi 100 sikio linasikia kama sauti imeongezeka mara mbili hivi. Amplifaya ndogo inayotumia betri ya sola ya volti 12 hutoa karibu wati 9 kwenye omu 8, nayo yatosha sebule na majirani wa ukuta mmoja. Usiikaze hadi mwisho: ikizidiwa, sauti hukatika vilele na spika ndogo ya sauti nyembamba ndiyo huungua kwanza. Kama sauti hiyo nyembamba imefifia tangu mwanzo, shuku kapasita zilizokauka ndani ya kasha. Ni ndogo na hubadilishwa.

Mwisho hakikisha zote mbili zinasukuma upande mmoja. Chomoa nyaya za amplifaya kwenye spika, gusisha hapo betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwenye alama nyekundu. Koni itoke nje. Koni za spika za zamani za JBL, kampuni ya Marekani, huingia ndani, zilitengenezwa hivyo, kwa hiyo linganisha tu kwamba mbili zako zinafanana. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, besi hupotea chumbani na watu hulaumu kasha. Na kasha likiwa na tundu la hewa, mulika tochi ndani kabla ya kulilaumu: nyigu wa udongo hulipenda sana tundu hilo, na mchwa huanza kula upande uliogusa ukuta.