Kupaki basi ni nini hasa, na kwanini sio kila timu inayorudi nyuma imepaki basi

Wadau wa soka, kuna hili neno kupaki basi tunalitumia kila wiki na mi naona linatumika vibaya sana, yaani timu ikikaa golini kwake dakika kumi tu utasikia "kocha kapaki basi", timu ikizidiwa "kapaki basi", straika akitolewa akaingia kiungo mkabaji dakika ya 80 napo "kapaki basi". Tunabishana usiku kucha tunamlaumu kocha kwa kitu ambacho mara nyingi wala hakukifanya. Kwa hiyo leo nataka nieleze neno lenyewe maana yake nini, kazi yake inaendaje uwanjani, na wapi tunachanganya.

Neno limetoka wapi kwanza. Septemba 2004 Chelsea ya José Mourinho ilitoka 0-0 na Tottenham pale Stamford Bridge, Chelsea walishambulia sana wakakosa, na baada ya mechi Mourinho akalalamika kwamba kwao Ureno wanasema wapinzani wamekuja na basi wakaliacha mbele ya goli. Waandishi wakalidaka, sisi huku tukalitia Kiswahili likawa kupaki basi. Na ni Mourinho huyohuyo alikuja kulipaki basi ambalo halijasahaulika mpaka leo, tarehe 28 Aprili 2010 Camp Nou, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Inter yake ya Italia ilishawafunga Barcelona 3-1 kule Milan (wiki ile Barcelona walisafiri na basi la kweli kwenda Italia maana ndege zilizuiwa na majivu ya volkano ya Iceland), halafu mechi ya marudiano Thiago Motta akala nyekundu dakika ya 28. Wakabaki kumi kwa zaidi ya saa nzima. Barcelona ya Messi na Xavi ikapata goli moja tu, la Piqué dakika ya 84, Inter wakaenda fainali na kombe wakabeba. Ukitaka kujua basi ni nini mwangalie Samuel Eto'o mechi ile, straika aliyewahi kuchezea hao hao Barcelona na kuwafungia magoli kibao misimu ya nyuma, usiku ule alikua anacheza kama beki wa pembeni, anakimbizana na mafulbeki mpaka kwenye kibendera chake cha kona. Hakununa wala nini, alikua anakaba.

Sasa maana yake. Kupaki basi ni timu kuamua yenyewe, kabla au katikati ya mchezo, kwamba mpira tunawaachia nyie ila nafasi hamtaipata. Hapo neno kubwa ni kuamua. Sio kuzidiwa, sio kuchoka, ni mpango.

Mi huwa naelezea kwa vizibo vya soda, kijiweni kwetu ndio njia pekee watu wanatulia wakasikiliza. Unachora uwanja mezani kwa chaki, unaweka vizibo vinne mstari wa nyuma, vinne mbele yao, viwili juu. Uwanja mkubwa una upana wa mita 68, kwa hiyo ukiwasambaza mabeki wanne upana wote kila mmoja analinda mita 17 peke yake, hapo hata winga wa mtaani anakupita. Lakini eneo la penalti lina upana wa mita 40 tu na ushee. Ukiwabana wale wanne wakae ndani ya upana huo, kila mmoja anabaki na mita kumi, yaani akinyoosha hatua chache ashamfikia mwenzake. Hiyo ndio siri ya kwanza ya basi, linakubali kupoteza pembeni. Linamwambia mpinzani chukua pembeni kote, piga krosi utakavyo, katikati humu hupiti. Ndio maana timu inayopaki basi inahitaji mabeki wa kati warefu wanaojua kuruka, maana krosi thelathini zitakuja na wao wamezikubali.

Siri ya pili ni ule mstari wa viungo. Usogeze vile vizibo vinne vya mbele mpaka vibaki karibu kabisa na mabeki, mita kumi mpaka kumi na tano hivi. Pale katikati ya mistari miwili ndipo namba kumi wote duniani, yaani viungo wachezeshaji wanaokaa nyuma ya straika, wanapokula ugali wao, mtu anapokea anageuka anaangalia goli. Ukipabana pale namba kumi anapokea mpira akiwa na mtu mgongoni na mwingine usoni, anarudisha nyuma. Akirudisha nyuma mara ishirini mashabiki wa timu yake wanaanza kumzomea, na hiyo nayo ni sehemu ya mpango.

Siri ya tatu ambayo watu hawaioni kwenye tivii kwasababu kamera inafuata mpira, ni kuhama. Mpira ukienda kulia vizibo vyote nane vinahama kulia kwa pamoja, winga wa kushoto anaingia mpaka katikati ya uwanja anamwacha kabisa mtu wake kule mbali. Mpira ukibadilishwa upande wote wanakimbia tena kurudi. Fikiria dakika 90 unafanya hivo bila kuugusa mpira, kichwa kinachoka kabla ya miguu, ukichelewa hatua mbili tu mlango umefunguka. Mtu anaesema kupaki basi ni kukaa tu ajaribu kucheza hivo nusu saa kwenye uwanja wa shule halafu arudi tuongee.

Halafu kuna mlango wa kutokea, na bila huo hakuna basi, kuna watu wamejazana golini. Mpira ukiokolewa lazima kuwe na mtu au njia ya kuutoa. Mfano mzuri kwetu Afrika Mashariki ni Celtic ya Scotland dhidi ya Barcelona tarehe 7 Novemba 2012, maana Victor Wanyama wetu wa Kenya ndie aliyefunga la kwanza kwa kichwa mpira wa kona, na la pili kipa Fraser Forster alibutua mpira mrefu, Tony Watt kijana mdogo aliyetokea benchi akaukimbilia akafunga. Barcelona walikaa na mpira karibu mechi nzima na wakafungwa 2-1. Angalia hizo njia mbili, kona moja na mpira mrefu mmoja. Celtic hawakuhitaji kumiliki mpira, walihitaji kujua wakiupata wanaupeleka wapi. Morocco nao Kombe la Dunia 2022 hivohivo, Hispania walipiga pasi zaidi ya 1,000 kwenye dakika 120 na hawakufunga, wakatolewa kwa penalti, kisha Ureno wakafungwa 1-0 kwa kichwa cha Youssef En-Nesyri, Morocco ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza nusu fainali. Pale mlango wa kutokea alikua Hakimi na Ziyech upande wa kulia na Boufal kushoto, wakiupata wanakimbia nao au wanachezewa faulo, mabeki wanavuta pumzi.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe, maana hapa ndipo nimegombana na watu wengi. San-Pédro, Ivory Coast, Januari 2024, AFCON yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, Taifa Stars na Zambia. Dakika ya 11 Samatta anampa Msuva, Msuva anafunga, banda umiza nililokua naangalia watu waliruka mpaka bango la mbao likaanguka. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia anakula nyekundu. Tuko mbele goli moja, tuko wengi mtu mmoja, na tulikua tunatafuta ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye historia ya AFCON. Kipindi cha pili tukarudi nyuma, tukarudi tena, dakika zikaenda, na dakika ya 88 kona ya Clatous Chama, ambae wakati ule alikua mchezaji wa Simba na tunamjua mguu wake kuliko mtu yeyote, Patson Daka akaipiga kichwa, 1-1. Lile banda lilikua kimya mpaka unasikia feni inavyozunguka. Mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele alivua kofia akaiweka magotini akabaki anaiangalia.

Kuanzia usiku ule mpaka leo watu wanasema tulipaki basi ndio maana tukasawazishiwa. Mi nasema hapana, na sibadiliki. Tungepaki basi tungeshinda. Nilichoona mimi ni timu iliyorudishwa nyuma, na hivi ni vitu viwili tofauti kama usiku na mchana.

Utavitofautishaje? Kipimo changu ni kimoja, mpinzani akipiga pasi ya kurudi nyuma mabeki wako wanafanya nini. Basi la kweli linapanda. Mpira ukirudi kwa beki wao, mstari mzima unasogea mbele hatua tano sita kwa pamoja, kipa anapiga kelele toka toka, ule muda mfupi mpira uko mbali na goli na mnapumua. Timu iliyorudishwa nyuma haipandi. Mpira ukirudi wao wanabaki palepale kwenye mstari wa sita, ule wa kiboksi kidogo mbele ya goli, wanasubiri shambulio lingine, na kila shambulio linawakuta hatua moja nyuma zaidi kuliko lililopita mpaka kipa anakua na watu wanane miguuni hata mpira hauoni. Na mpira wakiupata wanabutua tu bila kuangalia, unaenda kwa beki wa mpinzani, unarudi baada ya sekunde nne. Kwa hiyo kona zinakuja. Na mkijaa kona mwishoni mkutane na mpigaji kama Chama, mtamlaumu nani.

Linganisha na mechi nyingine ya Stars hao hao, Annaba, Algeria, tarehe 7 Septemba 2023. Tulihitaji pointi moja tu kufuzu, Algeria walishafuzu zamani, na ilikua 0-0 mpaka filimbi ya mwisho. Kwenye kundi tukamaliza na pointi 8, Uganda 7. Pointi moja ile ndio iliyotupeleka Ivory Coast. Pale tulienda na hesabu kabla ya mechi, kila mtu alijua kwanini hatupandi na hakuna aliyepata aibu kucheza chini. Au waulize Wakenya kuhusu Kasarani tarehe 10 Agosti 2025 kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Ryan Ogam kafunga dakika ya 42, kabla ya mapumziko Harambee Stars wakapewa nyekundu, wakacheza kipindi chote cha pili kumi dhidi ya Morocco, hao Morocco waliokuja kubeba kombe mwishoni. Ikaisha 1-0. Vijana wa Benni McCarthy hawakua na mpira ila walikua na kazi, na uwanja mzima ulikua unashangilia kila mpira unaotoka nje kama goli.

Kitu kingine, hili neno sisi mashabiki wa Simba na Yanga tunalitumia kwa upendeleo. Timu ya mkoani ikija Dar es Salaam ikakaa nyuma ikaondoka na sare tunasema wameua mpira, hawajui kucheza, wamekuja kulala chini tu. Halafu timu yetu ikienda Cairo au Algiers ikakaa nyuma vilevile tunasema kocha mjanja, kacheza kwa akili. Ni mbinu ileile jamani. Timu yenye bajeti ndogo kukaa nyuma ni haki yake na ni hesabu sahihi kabisa, kazi ya kulifungua basi ni ya mwenye wachezaji ghali. Na linafunguliwa, sio kwamba haliwezekani: unabadilisha upande haraka kabla hawajahama, unapiga mashuti ya mbali ili kiungo atoke kwenye mstari wake, unamtuma fulbeki apite nyuma ya winga wawe wawili kwa mmoja, na zaidi ya yote unapata goli la mapema, maana basi lililofungwa dakika ya tano halina tena sababu ya kukaa pale. Kinachoniuma ni timu kubwa inayopiga krosi arobaini za juu kwa mabeki warefu kuliko straika wake halafu inalalamika kwa mwamuzi kuhusu kupoteza muda.

Kuhusu kupoteza muda, kipa kulala chini na kufunga kamba za viatu mara sita, hicho sio kupaki basi. Wengi wanavichanganya kwasababu mara nyingi vinakuja pamoja, lakini Inter wangeweza kupaki basi lile lile bila kulala chini hata mara moja.

Juzi tumebishana tena kuhusu Zambia, jamaa mmoja akaniambia sawa, kama halikua basi, sasa kocha alitakiwa afanye nini. Nikachukua vizibo nikampangia, kumi na moja kwa kumi, nikasogeza winga mmoja juu abaki pale pale kwenye mstari wa kati asirudi kabisa, mabeki wao wawili lazima wabaki nae, kwa hiyo wanakuja kushambulia wakiwa saba. Akaviangalia, akasogeza kizibo kimoja, akasema na kona je? Nikamwambia kona ndio hizo, zingekua mbili badala ya kibao.