Plastiki ya gari iliyopauka: nini hasa kinachorudishwa?

Bampa isiyopakwa rangi, plastiki iliyo chini ya waipa, fremu ya kioo cha pembeni, ule ukingo mweusi unaozunguka matairi ya RAV4 za zamani: vyote hivi hutoka kiwandani vikiwa vyeusi tii, kisha jua likishavipiga miaka kadhaa vinageuka kijivu chenye mabaka meupe. Wengi husema rangi imekwisha. Kwa kawaida haijaisha, na hapo ndipo mambo mengi yanapoeleweka vibaya.

Plastiki hiyo mara nyingi ni polipropilini iliyochanganywa na mpira ili isivunjike ovyo inapogongwa. Ukiivua bampa, kwa ndani huenda ukakuta alama kama PP+EPDM-T10. PP ni polipropilini, EPDM ni aina ya mpira, na T10 ni asilimia 10 ya unga wa talki. Weusi unatokana na masizi laini sana ya kaboni yaliyotiwa plastiki ikiwa bado imeyeyuka, kwa hiyo umeenea unene wote, si juu tu. Masizi hayo hayo hufyonza miale ya urujuanimno na kuikinga plastiki, ila kinga hiyo ina kikomo. Miale ikisaidiana na oksijeni hukatakata minyororo ya molekuli za polipropilini kwenye tabaka la juu kabisa. Tabaka hilo hukauka, huweka nyufa zisizoonekana kwa macho, na hatimaye hutoa unga ukilipitishia kidole. Mwanga ukigonga uso wa namna hiyo hutawanyika kila upande, na jicho huona kijivu. Ni sawa na mguu uliopauka: ngozi ni ile ile, ila magamba yaliyokauka ndiyo yanayoonekana meupe mpaka yapate mafuta.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni maji. Osha, lowesha, utazame. Weusi ukirudi plastiki ikiwa mbichi na kupotea ikikauka, rangi ipo na tatizo liko kwenye uso. Mahali palipofunikwa na kibao cha namba patakuonyesha ilivyokuwa mwanzo. Mabaka meupe mengine wala si kupauka. Ni polishi ya bodi iliyoganda kwenye vinyweleo vya plastiki, na hutoka kwa brashi na sabuni.

Kinachoitwa kurudisha, basi, ni kuziba zile nyufa. Tofauti ya njia ni muda ambao kizibo kitakaa. Mafuta ya silikoni ya kwenye chupa hung'arisha papo hapo na kuondoka mvua zikinyesha mara chache. Dizeli na oili chafu, dawa pendwa ya vijiwe vingi, hunasa vumbi na kuvimbisha ule mpira uliomo ndani, mimi singezipaka. Rangi maalumu za plastiki na vimiminika vinavyokauka kuwa utando mgumu hudumu zaidi, mradi plastiki imesafishwa hasa kwa sabuni, kisha spiriti, na kuachwa ikauke kabisa. Utando ukiwekwa juu ya mabaki ya silikoni haushiki.

Kuna pia moto. Fundi hupitisha hewa ya moto, uso unayeyuka kidogo, nyufa zinafungana na weusi unarudi mbele ya macho yako. Inapendeza kutazama, lakini hakuna kinga mpya iliyoongezwa, na jua litaanza upya kwenye uso ambao tayari umechoka. Akizembea sekunde chache, vinyweleo vinafutika na kubaki alama inayong'aa, au bampa inapinda.

Kupaka rangi kamili nako kuna mtego wake. Polipropilini haipendi kushikwa na kitu, hivyo bila praima ya plastiki, yaani rangi ya chini ya kushikizia, rangi hubanduka vipande vipande. Msasa mkavu huiacha na manyoya. Silikoni iliyobaki huleta vishimo vidogo kwenye rangi mpya, jambo ambalo fundi rangi wa gereji atakulalamikia kabla hujamlipa.

Plastiki ambayo imeanza kumeguka ukiibonyeza haina cha kurudishiwa. Hiyo ni ya kubadilisha. Ukienda kutafuta iliyotumika, nenda na kitambaa chenye maji, maana muuzaji huenda keshaipaka silikoni asubuhi. Ifute kwanza, iache ikauke juani, ndipo mzungumze bei.