Dawa za Singapore: yanayosemwa na yaliyopo

Mjadala wa viwanda ukianza, hasa Zanzibar, hakosekani wa kuitaja Singapore. Nchi ndogo kuliko Pemba, haina madini wala mashamba, lakini majina makubwa ya dawa duniani yamejipanga huko: Pfizer, GSK, MSD, Novartis, Roche, Amgen, AbbVie, Sanofi. Hayo ni kweli. Ila ukisikiliza sababu zinazotolewa, nyingi haziendani na mambo yalivyo.

"Wanafuata vibarua wa bei rahisi"

Labda miaka ya mwanzo baada ya uhuru wa 1965. Leo mishahara ya Singapore ni ya juu, umeme si rahisi, na ardhi ndiyo usiseme. Anayetaka vidonge vya bei ya chini kabisa anakwenda India au China. Kinachotengenezwa Singapore ni kile ambacho gramu chache zina thamani kubwa, na mitambo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Mshahara wa fundi ni kitu kidogo ukilinganisha na hasara ya toleo moja la dawa lililoharibika.

"Ile ni bandari tu, dawa zinapita na kubandikwa lebo"

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inasemwa na watu wanaojua biashara. Kweli, Singapore ni bandari ya kupitishia mizigo. Lakini Glaxo (leo GSK) ilianza kujenga kiwanda eneo la Jurong mwanzoni mwa miaka ya 1980, na humo kikatengenezwa kiambato hai, yaani sehemu ya dawa inayotibu, cha ranitidini, dawa ya vidonda vya tumbo iliyokuwa ikiuzwa kuliko zote duniani wakati wake.

Mfano wa karibu nasi zaidi ni chanjo. Mwaka 2009 GSK ilifungua kiwanda Tuas, magharibi mwa kisiwa, cha kutengeneza antijeni, sehemu ya chanjo inayoamsha kinga, ikiwemo za chanjo ya nimonia iitwayo Synflorix. Kazi yenyewe si ya kubandika lebo: sukari za ganda la bakteria wa nimonia, aina kumi, zinasafishwa kisha kila moja inafungamanishwa na protini ili kinga ya mtoto mchanga iweze kuitambua. Kenya ilipoingiza chanjo ya nimonia katika ratiba ya watoto mwaka 2011, iliyochaguliwa ilikuwa hiyo hiyo Synflorix.

"Siri yote ni msamaha wa kodi"

Hapa kuna ukweli nusu, na nusu hiyo si ndogo. Sheria ya kuwapa nafuu ya kodi wawekezaji waanzilishi ipo tangu 1959, kabla hata ya uhuru. Kodi ya kampuni ni asilimia 17, na walio kwenye mpango wa motisha wamekuwa wakilipa chini ya hapo kwa miaka maalumu. Anayesema kodi haikuhusika anadanganya.

Lakini kodi peke yake inavuta, haishiki. Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, ilijaza viwanda vya dawa kwa msamaha wa kodi wa Marekani. Msamaha ulipoanza kuondolewa 1996 na kufutika 2006, kadhaa vikafungwa na ajira za viwandani zikapungua. Singapore nayo, tangu Januari 2025, inatoza makundi makubwa ya kimataifa hadi wafikie kiwango cha chini cha asilimia 15, kama walivyokubaliana mataifa mengi. Ule mvuto umepungua.

Kinachoshika kipo kwenye makaratasi. Dawa inaposajiliwa Ulaya au Marekani, kiwanda kinachoitengeneza kinaandikwa ndani ya jalada lake. Ukitaka kukihamisha, lazima uthibitishe upya kwamba dawa ya kiwanda kipya ni ile ile, ulete takwimu za uthabiti kuonyesha haiharibiki ikihifadhiwa, usubiri wakaguzi. Kwa hiyo kampuni inapochagua mahali, haiangalii mwaka huu. Inauliza kama miaka ishirini baadaye rekodi za pale bado zitaaminika. Singapore iliingia PIC/S, ushirika wa wakaguzi wa dawa wa kimataifa, mwaka 2000. Mamlaka yake ya kudhibiti dawa, HSA, ikaundwa 2001, na mwaka 2022 ikawa ya kwanza kutangazwa na WHO, Shirika la Afya Duniani, kufikia ngazi ya nne, ya juu kabisa katika kipimo cha ukomavu wa mamlaka za dawa. Kwa kulinganisha, mamlaka ya dawa ya Tanzania, TMDA (wakati huo TFDA), ilifika ngazi ya tatu mwaka 2018, ya kwanza Afrika. Wanaoiota Singapore wangeanza kuhesabu kutoka hapo, si kwenye majengo marefu.

"Nchi ndogo vile, nafasi na maji watatoa wapi?"

Tuas kwa sehemu kubwa ni bahari iliyofukiwa, na kiwanja kinakabidhiwa barabara, gesi na mabomba vikiwa tayari. Maji mengine yanatoka Malaysia kwa mkataba unaoisha 2061, mengine ni maji taka yaliyosafishwa upya, mradi ulioanza 2003. Viwanda vyenyewe pia vimepungua ukubwa: Amgen ilifungua chake 2014 kikitumia mifuko ya plastiki ya kuoteshea seli, inayotupwa baada ya kazi, badala ya matangi makubwa ya chuma yanayohitaji kuoshwa kwa mvuke kila mara.

"Dawa hizo wamezigundua wao"

Nyingi hapana. Utafiti una mtaa wake, Biopolis, uliofunguliwa 2003, lakini hataza, yaani haki za uvumbuzi, za dawa nyingi zinazotoka Tuas ziko Marekani na Ulaya.

"Wameshafika, hawana wasiwasi"

Soma taarifa ya uzalishaji viwandani inayotolewa huko kila mwezi: kuna takwimu ya jumla, halafu nyingine isiyohesabu sekta ya dawa na vifaa tiba. Sababu ni kwamba kiwanda cha dawa hutengeneza kwa msimu, kikimaliza kiambato kimoja kinasimama, kinasafishwa, kinageukia kingine. Miezi hiyo inatosha kuipandisha au kuishusha takwimu ya nchi nzima. Na Septemba 2025 Donald Trump alipotangaza ushuru wa asilimia 100 kwa dawa zenye hataza zinazoingia Marekani, isipokuwa za kampuni zinazojenga viwanda huko, serikali ya Singapore ililazimika kwenda kuzungumza na Washington kuhusu dawa ambazo wenye nazo ni wageni.