Projekti ya sayansi siyo volkano ya maonyesho

Walimu wenzangu tuambiane ukweli. Mtu anasema anafundisha sayansi kwa projekti, ukienda kuangalia unakuta volkano ya udongo, magadi na siki, imepakwa rangi safi, mgeni rasmi anapiga picha, basi. Hilo ni pambo, mwanafunzi alishajua kitakachotokea kabla hajaanza. Projekti inaanza na swali ambalo jibu lake halipo kwenye notsi.

Mimi kwenye mada ya maji nawapa hili: mbegu ngapi za mlonge zinatosha kusafisha lita moja ya maji ya tope? Wanamenya, wanatwanga kwenye kinu, wanakoroga haraka kwanza halafu polepole, wanaacha itulie kama saa moja hivi. Chupa moja haiwekwi kitu, nyingine inawekwa shabu (ile ya dukani ya kusafishia maji), ili wawe na cha kulinganishia. Mashine ya kupima ukungu wa maji hatuna, kwa hiyo tunachora X nyeusi kwenye karatasi, tunaweka glasi ndefu juu yake, unamimina maji taratibu huku unachungulia kwa juu, X ikipotea tu unapima kina kwa rula. Kina kikubwa, maji meupe. Gharama yake karibu bure.

Utamu unakuja majibu yakigoma. Waliodhani mbegu nyingi ndo maji safi zaidi wanashangaa, ukizidisha ukungu unarudi! Hapo ndo nawaletea chaji za umeme: protini za mlonge ni chanya, chembe za udongo ni hasi, zinashikana, zinakuwa nzito zinazama, ila ukizidisha chembe zote zinavikwa chanya zinaanza kusukumana upya. Na chupa zikilala mpaka kesho yake zinanuka, maana mabaki ya mbegu ni chakula cha bakteria, yani umeshaingia baiolojia bila kupanga. (Wasiyanywe hivyo hivyo jamani, meupe siyo salama, lazima yachemshwe.)

Muda? Natumia vipindi vya praktiko hivyo hivyo, siongezi.

Kwenye maksi sasa. Nyingi naziweka kwenye daftari la kumbukumbu, hata kama maji yao yaligoma kutulia, bora wameandika walichokiona na siyo walichotaka kukiona. Siku ya kuwasilisha mimi ndo nachagua nani wa kuongea, hawajui nitamwita nani, na atakachopata ni cha kundi zima. Wale waliozoea kubebwa utawakuta jioni wanafundishwa chaji na wenzao, tena kwa ukali kuliko wangu.