Alhamisi ni ya Ngapi? Dhana Potofu za Vijana Wanaokwenda Kufundisha Kiswahili Marekani

Wiki hii peke yake wamenijia watatu, wawili wa Unguja na mmoja wa Wete, Pemba. Wote wanajiandaa na usaili wa Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani unaopeleka walimu wasaidizi wa lugha katika vyuo vya huko, na wote wamenambia maneno yale yale kama waliokaririshwa chuo kimoja: "Mwalimu, mie Kiswahili sina wasiwasi nacho. Nisaidie Kiingereza tu."

Basi nikamuuliza yule wa Wete: Jumatano ni siku ya ngapi? Ya tano, akasema, ukianza Jumamosi. Na Alhamisi? Akafungua kinywa, akakifunga. Khamsa ya Kiarabu nayo ni tano. Wiki yetu ina siku mbili za tano zinazofuatana, na tumezaliwa nazo, tunaoa nazo, tunazika nazo, hatujashtuka. Tumekaa na hesabu mbili. Ya Kiswahili inaanza kesho yake Ijumaa, ndiyo Jumamosi ikawa ya kwanza. Ya Kiarabu inaanza Jumapili, na huko ndiko Alhamisi ilikotoka na jina lake. Wewe unaweza kuishi miaka 80 Mkoani bila kuhitaji kulijua hili. Mwanafunzi wako atakuuliza wiki ya pili.

Dhana inayonichosha kuliko zote ndiyo hii, kwamba mwenye lugha ana kazi ya kusema tu. Mwenye lugha anajua kuitumia. Kuieleza ni kazi nyengine, na kwa bahati mbaya mzawa ndiye anayehangaika zaidi, maana hajawahi kujifunza. Aliamka siku moja akajikuta anasema. Mwanafunzi atakuuliza: kwa nini *anakula*, lakini *hali*? Hiyo *ku* imekwenda wapi? Tisa katika kumi ya vijana wangu hujibu, "Ndivyo tunavyosema." Jibu hilo kule halifai hata kidogo. Mtu amelipa ada, anataka sababu, na sababu ipo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na *na*, *li*, *ta* na *me* haziwezi kuubeba. Mzizi *la* ni silabi moja, kwa hiyo *ku* hubaki ili iubebe yenyewe: anakula, alikula, atakula, amekula. *Ki*, *ka* na *ha* ya kukanusha zinaweza kuubeba, ndiyo tukasema akila, akala, hali, na hakuna anayesema "akikula" ila aliyekosea. Dakika tatu ubaoni, na darasa zima linakuheshimu mpaka mwisho wa muhula.

Au *amelala*. Viko vitabu vyao vinavyoiita *me* wakati uliopita hivi karibuni. Mwanafunzi anakuja na picha ya mtoto anayekoroma, anauliza kama ameshaamka. Wewe unajua kwamba mtoto yuko usingizini sasa hivi, lakini umwambie nini? Mwambie kitendo kimekwisha, hali imebaki: amevaa, amekaa, amechoka, ameshiba. Kisha msiwe na haraka. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huwapa wanadiplomasia wake wiki 36 za kusoma Kiswahili kutwa nzima (Kiarabu huwapa 88), na wako watakuona vipindi vinne au vitano kwa wiki.

Halafu ngeli. Sisi tumesoma A-WA, KI-VI, U-I. Vitabu vingi vya kule vinahesabu kwa namba: mtu na watu ni ya 1 na ya 2, kitu na vitu ni ya 7 na ya 8. Ukifika hujui ngeli ya 9, mwanafunzi wako anajua, wiki ya kwanza umeshaaibika. Nawapa jadweli hii mapema, wanaitia mfukoni, naiona tena imekunjwa vile vile siku ya kuagana. Wallahi inaniuma.

Dada yake dhana hii ni: "Nitawasahihisha Kiswahili chao cha bara." Ni kweli Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Lakini kilichochaguliwa ni Kiunguja cha mjini, si cha Makunduchi wala Tumbatu, na Pemba nzima haikuwemo, kwa hiyo kijana wa Wete asijivune kwa mali ya jirani. Profesa wako huenda akawa Mkenya. Kitabu kitasema nyanya na viazi. Wewe sema tungule na mbatata, waeleze kwamba ni maneno ya kwetu, lakini usimkate alama mtu aliyeandika nyanya. Hata *skuli* au *shule*, waachie wachague.

Mengine nayapitia haraka.

"Nakwenda kuchukua shahada." Hapana. Ni mwaka mmoja wa masomo, kama miezi tisa, unafundisha au kusaidia kufundisha hadi saa 20 kwa wiki na kusoma masomo yasiyopungua mawili kila muhula, moja likihusu Marekani yenyewe. Shahada haimo.

"Posho ile nitajengea." Posho hupangwa kwa gharama za mji utakaokaa, na mji huo ndio utakaoila. Bei iliyobandikwa kwenye bidhaa dukani kwa kawaida haina kodi ya mauzo, utaikuta kwa mwenye mashine. Na kuna fomu za kodi ya mapato za kujaza kabla ya tarehe 15 Aprili. Mwenzangu mmoja alizipuuza kwa sababu "mie mgeni". Mgeni naye hujaza.

"Wanafunzi wa kule hawana adabu." Watakuita kwa jina lako la kwanza na mwisho wa muhula watakupima wewe kwa karatasi, ulivyowafundisha. Mwenye adabu ndogo mara nyingi ni sisi. Huku kwetu matokeo hubandikwa ukutani, mtoto aliyefeli akasomwa na mtaa mzima. Kule sheria inalinda kumbukumbu za mwanafunzi: alama zake huzitaji mbele ya wenzake, wala humpi baba yake akipiga simu bila ya ridhaa ya mwanafunzi mwenyewe.

"Nitakosa halali na pa kusali." Jumuiya ya wanafunzi Waislamu ilianzishwa huko mwaka 1963, na vyuo vingi vina tawi. Kitakachokushtua ni jua. Sisi tuko karibu na ikweta, Magharibi yetu haisogei sana mwaka mzima, na hesabu yetu ya saa imejengwa juu ya hilo: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, saa moja inayofuata ndiyo moja. Disemba Wisconsin jua linazama kabla ya saa kumi na nusu. Hapo ndipo utakapofahamu kwa nini mwanafunzi wako haelewi kwamba saa mbili asubuhi ni nane yake, na utamfundisha kwa huruma zaidi. Koti usilinunue sokoni Darajani, Unguja mjini. La mtumba la kule ndilo lililoshonewa baridi ya kule.

Darajani nenda kwa jambo jengine. Chukua simu, omba ruhusa, rekodi watu wakipatana bei ya samaki, dakika kumi tu. Rekodi bibi yako akieleza namna ya kupika mkate wa kumimina. Kanga kila mtu hubeba. Sauti hakuna anayebeba, na huko hutazipata.

La mwisho ni lile la kunong'onezwa: "Nikishafika, sirudi." Viza utakayoingilia kwa mpango huu, J-1, ina sharti la kurudi kukaa nyumbani miaka miwili. Mpaka uitimize nyumbani hupati ukaazi wa kudumu, wala viza ya kazi ya H au L, isipokuwa umesamehewa sharti hilo rasmi. Halikuzuii kuomba viza ya masomo au ya matembezi. Na nyumbani maana yake Tanzania. Miaka miwili ya Dubai haihesabiki, nimeshaulizwa hilo mara nne mwaka huu.