Je, wajua kwa nini oili hupanda yenyewe ndani ya boti ndogo ya mvuke?

Meli ya mvuke William Mackinnon ililetwa Kisumu vipande vipande, ikaunganishwa na kushushwa Ziwa Victoria mwaka wa 1900. Anayeunda modeli yake ya urefu wa mita moja, yenye boila na injini ya mvuke wa kweli, hukwama mapema hapa: silinda itapataje oili ikiwa pampu haina pa kukaa?

Hupata kwa kikopo cha shaba kilichojazwa oili, kinachotoshana na kidole gumba, kifuniko cha skrubu juu, koki ndogo chini. Bomba la mvuke hupita ndani yake karibu na juu, nalo lina tundu moja tu la milimita 0.4. Mvuke hupenya tunduni, hugusa ukuta uliopoa na kuwa maji, kama matone ya kifuniko cha sufuria. Maji huzama, kwa kuwa oili ni nyepesi. Ndivyo mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi wa samaki. Kikopo kimejaa, hivyo kila tone linalozama hulazimisha oili kidogo kutoka kwa tundu lile lile, na mvuke huibeba hadi silinda.

Kwa hiyo usikivishe kikopo koti la kuzuia joto kama la boila. Kikipata moto sana, mvuke haugeuki maji na oili haipandi. Nalo tundu ukilitoboa milimita 1, oili yote hukimbia mapema, kisha silinda hukwaruzika ikiwa kavu.

Oili ya gari haifai. Kwenye shinikizo la baa 2 mvuke hufika nyuzi 134 hivi, tena una majimaji yanayoosha oili nyepesi. Tafuta oili nzito ya mvuke, daraja la 460 (kipimo cha uzito wa oili), yenye mafuta kidogo ya wanyama ili ishike chuma chenye maji.

Kabla ya kujaza, ngoja shinikizo liishe kabisa. Kifuniko kikifunguliwa mapema, oili ya moto hukurukia usoni. Fungua koki, maji yatoke, funga, jaza kwa sirinji. Yasipotoka maji yoyote baada ya safari, tundu limeziba: lisafishe kwa waya mwembamba.

Oili iliyotumika hutoka pamoja na mvuke. Ipitishe kwenye kikopo cha pili chini ya dohani, maji na oili vibaki humo, mvuke pekee upande. Bila hicho, utando wa rangi rangi hutanda majini pale Dunga, ufuoni Kisumu, wavuvi wanapovua. Mabaki yamimine kwenye chupa, urudi nayo nyumbani.